Kidumu cha Maji Matamu

Mama mvuna chumvi wa Ziwa Katwe hunawa kabla ya kumsalimu mtu. Kando ya kidimbwi chake ameweka kidumu cha maji matamu, na maji hayo huyamimina kama dawa, kidogo tu, kwenye viganja vilivyopasukapasuka. Nyuma yake vilima vimekauka, na upepo unanuka mayai yaliyooza. Sauti yake ni nzito, na hutania kwa Kiswahili cha Kongo akiwa ameinama, maji ya chumvi yakimfika magotini. "Karibuni, banafunzi! Munyu haiume mutu!"

Tulikuwa wanafunzi tisa kutoka Mbarara. Akauona mfuko wangu wa kitenge, akanawa, akaninyooshea mkono. "Dada, weye ni wa kwetu. Wa fasi gani?" Wenzangu hawajui kwamba kwetu ni Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kongo; niliwaambia natoka Isingiro mjini. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sijui Kiswahili. Akaurudisha mkono polepole, akaufuta kwenye kitenge chake.

Baadaye kidogo niliteleza ukingoni, mguu ukazama, na chumvi ikaingia kwenye kidonda cha kisigino kilichochubuliwa na kiatu. "Mamaa, munyu inaniunguza!" nililia.

Akaja mbio, akapiga magoti, akanimiminia kisiginoni kidumu chote, maji yake ya kutwa nzima. Wenzangu walikuwa wanakuja. Akaniinamia sikioni.

"Nyamaza, mutoto yangu," akanong'ona. "Batakusikia."