Ua Nililodhani Kirukia

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hata nikilala, mguu mmoja huwa umesimama. Lakini hakuna wasiwasi ulionila kama ule wa mwaka wangu wa kwanza ukweni, milimani Ruangwa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Na wote niliuleta mwenyewe, kwa kiherehere changu.

Kwao mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nilitoka kwetu Mkotokuyana, upande wa Nachingwea, nikiwa na jembe, panga na blanketi, nikapewa kibanda cha nyasi nyuma ya jiko la mama mkwe. Kazi yangu ilikuwa kulima, kukata miti na kutazamwa. Baada ya mavuno, mjomba wa mke wangu ndiye angetoa neno: huyu anafaa, ajenge nyumba ya udongo, au huyu hafai, arudi kwao, mke abaki. Nilimpenda sana yule mwanamke. Kila nikikumbuka hilo neno "abaki", niliongeza tuta jingine.

Mama mkwe hakusema nami, na mimi sikusema naye. Ndiyo heshima. Tukikutana njiani yeye alipita pembeni, mimi nikatazama chini. Alichotaka nikijue alimwambia binti yake, hata kama nimekaa hatua tatu kutoka pale alipo.

Juu ya kijiji kulikuwa na msitu ambao sisi watu wa bondeni hatuna. Kwetu kiangazi majani huanguka, ukaona mpaka kwa jirani. Kule ukungu ulishuka kila asubuhi, magome ya miti yalivaa manyoya ya kijani, na maji yalidondoka hata siku isiyo na mvua. Ndani yake ilikuwapo chemchemi, na juu ya chemchemi mti mkubwa ulioinama. Mwezi wa nane nilitumwa huko kukata fito. Nikaona kwenye tawi la ule mti kitu kimeng'ang'ania: majani manene, na mizizi ya kijivu imelizunguka tawi kama kamba.

Mimi ni mtoto wa mikorosho. Baba alinifundisha kwamba adui wa mkorosho ni kirukia, mmea unaoota juu ya tawi na kuunyonya mti mpaka ukauke. Kukiona na kukiacha ni uvivu. Nikasema moyoni, leo wakwe watajua wamepata mtu. Nikapanda na kisu, nikabandua mzizi mmoja mmoja, nikakitupa chini. Nilirudi nikipiga mluzi.

"Nimewasafishia mti wa chemchemi," nilimwambia mke wangu.

Alitua mtungi taratibu. "Umesafisha nini?"

Ndipo akanieleza. Lile lilikuwa ua. Mvua zikikaribia lilifunguka jeupe, lenye mkia mrefu mwembamba, na wanawake waliokwenda maji alfajiri waliipata harufu yake kabla hawajayaona maji. Siku wakirudi wakisema limenukia, mbegu za mtama huingia ardhini siku hiyo hiyo. Bibi zao walipanda hivyo. Siku hizi wenye elimu wanaliita okidi, na wanasema haliunyonyi mti, linaketi tu. Wakati ule mimi nani angeniambia?

"Usimwambie mtu," alisema. Nikaona na yeye anaogopa.

Kesho yake mapema nililiokota kati ya majani, mizizi mingine imekatika. Nikapanda, nikalifunga pale pale kwa kamba za magome, nikakaza fundo juu ya fundo. Tangu hapo kila siku ya tatu nilikwenda kulitazama, kwa kisingizio cha fito. Fito zikawa lundo, mpaka baba mkwe akauliza kama nazungushia uzio Ruangwa nzima. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nawaza majani, maana yalikuwa yameanza kukunjamana.

Msimu ulipofika nilisimama kila asubuhi na jembe mkononi, najifanya nanoa, nikisoma nyuso za wanawake wanaoteremka.

"Bado," walisema. Kesho yake bado. Upepo ukageuka, mawingu yakajikusanya, bado.

Hatimaye mjomba aliita watu uani. Alisema mwaka huu tutapanda kwa kubahatisha, lakini mwanamke mmoja ameokota vipande vya mizizi chini ya mti, na yeye anataka kumjua aliyeligusa ua.

"Hata awe mkwe," alisema, "atafunga mzigo wake leo."

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Mke wangu alikuwa akichora chini kwa kidole, na nilijua akiinua uso tu, kila mtu ataona.

Sauti ikatoka jikoni, ya mama mkwe. "Ni nyani, kaka. Nimewaona kwa macho yangu."

Mjomba aligeuka akatazama jikoni. "Basi," alisema. "Nyani."

Asubuhi yake mama mkwe alikuwa akipepeta mtama, nami hatua tatu kutoka hapo nikichonga mpini. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mwambie yule nyani arudi mtini. Fundo lake ni la kufungia mbuzi, linanyonga mizizi. Alegeze."

Mke wangu alibana midomo asicheke. Sikungoja niletewe ujumbe. Nilishika njia ya mlimani, na katikati ya mteremko ilinibidi nikae juu ya jiwe, maana machozi hayakuniacha nione njia. Niliporudi mke wangu aliuliza macho yana nini. Nilimwambia ni ukungu.