Kisima Kilichokata Maziwa

Ilianza na chai. Mke wa mwanangu alibandika sufuria, maji ya kisima, majani, maziwa, na kabla haijachemka maziwa yakakatika, mabonge mabonge. Nikamwaga. Kesho yake vile vile. Sikukawia kupata wa kumlaumu: yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa asubuhi.

Alipofika na kibuyu chake nikamwambia mbele ya majirani kwamba anatuuzia maziwa ya jana. Hakukasirika. Akaketi kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akasema, "Mama, chemsha maziwa yangu peke yake. Maji yako yangoje."

Yakachemka, yakapanda, hayakukatika. Akanywa kikombe cha kwanza yeye mwenyewe, kisha akaniuliza, "Haya, kilicholala ni maziwa yangu au maji yako?" Mke wa mwanangu akageukia ukuta acheke.

Kisima hicho tulichimba mimi na marehemu mume wangu, pembeni mwa kijito, huku kwetu nje ya Tarasaa. Ndivyo tulivyofundishwa: chimba karibu na maji, mchanga utachuja. Mchanga huchuja matope. Haya mengine hauyawezi. Kule juu watu huosha malori na matrekta kijitoni, na sisi wenyewe tunasuuza humo pampu za dawa ya mpunga. Kunde zilikuwa zimeanza kukataa kuiva, sabuni haitoi povu. Nikasema ni sabuni za siku hizi.

Tangu hapo sikutulia. Natoka kisimani naenda shambani, narudi kisimani. Mpunga umegeuka manjano, udongo umeota ukoko mweupe kama chumvi. Mwanangu alisema ardhi ina kiu, akazidisha kuvuta maji ya kijito kwa jenereta. Akizidisha, na manjano yanazidi. Na hayo maji yakishalowa shamba yanakwenda wapi? Yanashuka. Yanaingia kwenye kisima anachonywea mjukuu wangu, ambaye meno hata hajamaliza kuota.

Nikamwambia azime.

"Mama, nikizima mpunga unakufa."

"Na usipozima?"

Akashughulika na jembe. Nikauchomoa mpira wa maji kwenye jenereta mimi mwenyewe, ukanitapikia miguuni, nikarudi nyumbani nimelowa. Siku hiyo hiyo nikaziba mdomo wa kisima kwa miiba ya mti wa mathenge. Maji ya kunywa sasa tunayafuata kwenye bomba la sokoni, na majirani wananung'unika kwamba nimewafungia kisima, bomba liko mbali.

Leo asubuhi nimekuta miiba imesogezwa, na alama ya ndoo kwenye tope. Nikairudisha, nikaongeza mingine, nikaketi hapo hapo juani. Yule mama wa maziwa akapita na kibuyu chake.

"Umehamia kisimani, mama?"

Nikamwambia ndiyo, na aliyechota bila shaka ana mtoto nyumbani, atarudi kuchota tena. Nataka anikute, nimwambie asimnyweshe.