Safu Zilizoanzia Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni, kule Chundwa kisiwani Pate, viatu vikiwa vimelowa maji ya chumvi. Mkuu wa shule alivitazama, akatabasamu, akasema, "Bwana Mwalimu, hesabu za kidato cha tatu ni zako. Anza na matriksi. Wenzako wote huikimbia mada hiyo." Mimi ni mtu wa Kitui, na sipendi kuambiwa kuna kitu kinakimbiwa. Niliingia darasani miguu ikiwa bado mibichi.

Ninyi vijana mna simu zinazotatua milinganyo kabla hamjaisoma. Sisi tulihitaji ubao, chaki na subira, nami nilikuwa na viwili vya kwanza tu. Matriksi ni namba zilizopangwa ndani ya mabano: safumlalo hulala, safuwima husimama. Ukiwa na milinganyo miwili yenye vitu viwili usivyovijua, unaziweka namba zake kwenye kisanduku hicho. Kisha unatafuta kinyume chake, yaani matriksi nyingine itakayokifuta na kuviacha visivyojulikana peke yake, uchi, vijulikane. Nilipenda sana hatua hiyo, na mpaka leo naipenda.

Alasiri za kule zilipita kama usingizi mwepesi. Joto liliufanya ubao uonekane kama unayumba, na kutoka chuo cha jirani sauti za watoto wakisoma Kurani ziliingia dirishani zikachanganyika na namba zangu. Wakati mwingine nilisahau nilichokuwa naandika, nikasimama tu nikisikiliza, na darasa zima likasikiliza pamoja nami.

Zuhura alikuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake. Alisoma chuoni kwa babu yake miaka mingi kabla ya kuanza shule, na jioni aliwafundisha watoto huko. Alikuwa mwepesi wa kila kitu isipokuwa matriksi. Siku moja niliwapa swali: mashua mbili na mtumbwi mmoja vikijaa hubeba watu ishirini na watano, mashua moja na mitumbwi mitatu pia ishirini na watano. Kila chombo hubeba wangapi? Zuhura akajibu kwamba mashua hubeba watano na mtumbwi kumi. Vijana wa kisiwa jirani cha Ndau, waliokulia vyomboni, walicheka mpaka wakalaza vichwa mezani.

"Mtumbwi huo umeuchonga wewe?" nilimtania. Hakucheka.

Mwisho wa mwaka, matriksi ilipomwangusha tena mtihanini, mkuu wa idara ya hesabu alikata shauri: "Arudie kidato cha tatu." Zuhura alinifuata nje ya ofisi, mtandio ameukunja mkononi.

"Baba hatakubali nirudie, Mwalimu. Nami nataka kusomea ualimu wa hesabu. Nyinyi mwatoka bara, mwaya, mkizoea ndia za hapa mwenenda zenu. Watoto wetu watasomeshwa na nani?"

Neno hilo, kwamba sisi wa bara huja, tukizoea njia za kisiwani huenda zetu, lilinichoma, maana nilikuwa nimeshaomba uhamisho. Nilimwomba mkuu wa shule anipe wiki moja.

Kesho yake nilimpa Zuhura chaki, nikakaa nyuma ya darasa tupu. Milinganyo aliiandika vizuri, kutoka kushoto. Lakini alipochora mabano, mkono wake ulisita mbele ya kisanduku kitupu, kisha ukaanza kujaza safu kutoka kulia, kama aandikavyo Kiarabu kwenye ubao wa chuoni. Namba za mtumbwi zikakaa mahali pa mashua. Hatua zote zilizofuata zilikuwa safi kabisa.

"Zuhura, hukukosea hesabu," nilisema. "Umeanzia kulia."

Alizifuata safu kwa kidole kutoka kulia, akacheka mpaka machozi. "Kumbe mkono wangu wayua ndia moya tu!"

Tangu siku hiyo aliandika jina juu ya kila safuwima kabla ya namba yoyote: hapa mashua, hapa mtumbwi. Mkuu wa idara alinung'unika kwamba huo si utaratibu. Mkuu wa shule aliyaangalia majibu yake ya wiki ile, akasema, "Si utaratibu, lakini ni sahihi. Apande." Zuhura alipanda kidato, akafaulu mtihani wa taifa, akaenda kusomea ualimu. Nami nilifuta lile ombi la uhamisho, nikakaa, mwaka ukazaa mwaka.

Alirudi shule ile ile, na tukafundisha pamoja mpaka ndevu zangu zikawa nyeupe. Vijana huniuliza kama najuta kuzeekea mbali na kwetu. Nilijuta mara nyingi, hasa mama yangu alipofariki nami nikingoja chombo cha kunivusha. Kazi hii hukupa na hukunyang'anya.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilipita kando ya darasa lake. Wanafunzi walikuwa wameshasikia kwamba naondoka. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na weye utaenenda lini?"

Bi Zuhura alishusha chaki, akamtazama kama aliyeulizwa swali lisilo na maana.

"Nenende wapi, mwanangu?" akasema. "Kwetu ni hapa."

Nilisimama ukutani, nikalia bila kujificha.