Kitambaa cha Gunia Alichokitia Mfukoni

Saa mbili na nusu asubuhi, meli ya watalii imeshatia nanga, na nje ya lango la bandari ya George Town waendesha beca wanapigania wageni kama kuku wanaopigania punje. Ooi Boon Leng hapiganii. Ameegemea beca yake, baiskeli ya magurudumu matatu, anafuta kiti cha mbele cha abiria kwa kitambaa kilicholowa, kiti ambacho kimeshang'aa tangu saa moja.

Mtalii mmoja kijana anamsogelea, anaulizia safari ya mji mzima. Kisha macho yake yanatua kwenye mkono wa kulia wa shati la Boon Leng, juu kidogo ya kiwiko, palipobanwa kwa pini kipande cha gunia kisichozidi ukubwa wa stempu.

"Hicho nini?"

"Mama yangu amefariki," Boon Leng anajibu. "Naomboleza."

Kijana anasema pole, anaitikia kwa kichwa mara mbili tatu, anarudi nyuma taratibu, kisha anapanda beca ya jirani.

Jirani huyo ni Muniandy, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye anapopita na abiria wake hakosi neno. "Kaka, umekaa kama sanamu ya hekaluni! Angalia watu wasije wakakuchomea ubani!"

"Nenda zako, mnene wewe. Mteja wangu huyo, umpeleke vizuri."

Leo ni siku ya tisini na nne tangu wamzike mama. Kitambaa cha gunia huvaliwa siku mia moja. Boon Leng, mwenye umri wa miaka sitini na moja, anazihesabu kama mfungwa, wala si kwa kuchoka kuomboleza. Anazihesabu kwa sababu ipo nyumba moja anayotakiwa kwenda kuomba radhi, na mtu mwenye msiba hakanyagi kizingiti cha watu.

Amekanyaga beca kwa miaka thelathini na mitatu. Saa moja ya kutembeza wageni ni ringgit hamsini, na siku ya meli alikuwa akipata safari tatu, wakati mwingine nne. Siku hizi akipata moja anashukuru. Anasema hilo halimuumi sana. Linalomuuma ananieleza mimi, mwandishi wa habari, akiwa ameinamisha uso, akiuchokonoa mpira wa breki kwa ukucha.

Alizaliwa kwenye gati la ukoo wao, katika nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo baharini. Mama yake, Bi Saw Gaik, hakuwahi kuhama pale. Alianika uduvi kwenye mbao za mwanzo wa gati, akawafukuza paka kwa ufagio, akawafukuza na watalii kwa ufagio huohuo walipokanyaga uduvi wake. Boon Leng alipooa akahamia ghorofani, upande wa ndani wa mji, lakini kila safari ya wageni aliimalizia gatini. Aliwapeleka nyumba ya nne mkono wa kushoto, kwa Bi Siew Hoon, anayeuza juisi ya kungumanga mlangoni. Wageni wakinywa, yeye hupita kumsalimia mama.

"Alikuwa ananiuliza, umekula? Nikisema nimekula, ananipa chakula. Nikisema sijala, ananitukana, halafu ananipa chakula."

Bi Saw Gaik alifariki akiwa na miaka themanini na minane. Siew Hoon ndiye aliyemfumba macho, kwa sababu mwanawe alikuwa barabarani na wageni.

Siku ya kumi na tisa baada ya maziko, Boon Leng alirudi kazini. Kitambaa alikibana vizuri mkono wa kulia, upande wa aliyefiwa na mwanamke. Asubuhi ile wageni wawili walimuuliza, akawaambia ukweli, wote wawili wakaondoka kwa adabu. Nani anataka kufurahi huku akisukumwa na mtu wa kilio?

Wa tatu walikuwa mume na mke wastaafu kutoka Norwe. Mke alivaa kofia ya manjano. Walitaka siku nzima: ngome, mnara wa saa, kuta zilizochorwa, soko, na mwisho nyumba za baharini. Mke akanyoosha kidole kwenye shati.

"Hicho nini?"

Hapo Boon Leng anaacha kuuchokonoa mpira wa breki.

"Nilimwambia ni kiraka," anasema. "Nikacheka. Nikasema shati limechanika, mke wangu hajui kushona. Mwandishi, ni mama yangu huyo. Nilimwita kiraka."

Wale wazee wakacheka naye. Mume akainua kamera. Boon Leng akaona kiraka hakipendezi kwenye picha, akafungua pini, akakitia kitambaa mfukoni mwa suruali, pamoja na funguo.

Siku ile, anasema, alikuwa mcheshi kuliko siku zote. Aliimba mbele ya ngome. Alimwiga askari wa enzi za wakoloni mpaka bibi wa kofia ya manjano akashika mbavu. Kwenye ukuta uliochorwa akapanda juu ya kiti cha beca, akapiga pozi. Anakumbuka kila mzaha aliofanya, na anausimulia kila mmoja bila tabasamu, kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe.

Alasiri wakafika gatini. Miguu ilishaizoea njia, ikamfikisha nyumba ya nne kabla akili haijafika. Juu ya mlango wa Siew Hoon kulikuwa na kitambaa chekundu kipya. Boon Leng alijua maana yake, kama anavyojua kila mtoto wa pale. Mwana wa nyumba ile, Wei Keat, alikuwa anaoa baada ya siku tatu, na siku hiyo ndiyo waliyotandika kitanda cha maharusi. Mwenye msiba hapiti hata mbele ya nyumba hiyo, sembuse kuingia.

Alisimama. Angeweza kugeuza. Lakini mlangoni walikuwepo shangazi wawili wa bwana harusi waliotoka Ipoh, wasiomjua. Walimtazama kiwiko, hawakuona kitu.

"Karibuni, karibuni! Leo nyumba ina heri! Mjomba, waingize wageni wako, wageni ni baraka!"

"Hapana, mama, tunapita tu."

"Unapita wapi na jua hili? Au unaogopa tutakuoza na wewe? Ingia bwana!"

Bibi wa kofia ya manjano alishavua viatu.

Ili akatae, ilimbidi aseme sababu. Na ili aseme sababu, ilimbidi akitoe kiraka mfukoni mbele ya watu waliocheka naye tangu asubuhi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imefika kizingitini, na akavuka.

Akaingia. Akawaonyesha wageni kitanda kilivyotandikwa shuka nyekundu, akawatafsiria dua za shangazi: waishi wazeeke pamoja, wajaze nyumba watoto. Akapewa bakuli la matonge madogo ya unga wa mchele, mekundu na meupe, yanayoelea katika maji ya sukari. Mume akapiga picha. Boon Leng akatia tonge jekundu mdomoni.

Wakati huo Siew Hoon akatokea jikoni na sinia la vikombe.

"Hakupiga kelele," anasema Boon Leng. "Bora angenipiga na lile sinia. Alinitazama hapa." Anagusa mkono wa kulia. "Shati lilikuwa na vitundu viwili vya pini. Akaniuliza polepole, kwa lugha ya nyumbani: Boon Leng, cha mama kiko wapi?"

Tonge lilikuwa bado mdomoni.

Bibi wa kofia ya manjano akauliza, amesema nini?

"Nikamwambia anauliza kama mtaongeza chai."

Wageni walipomlipa bandarini walimkumbatia. Wakasema ndiyo siku nzuri kuliko zote katika safari yao. Kesho yake wakamtumia picha kwenye simu. Ananionyesha: anacheka, bakuli mkononi, na kwenye mkono wa shati, ukijua pa kutazama, vitundu viwili.

"Nimetaka kuifuta mara nyingi. Lakini nikiifuta nitakuwa kama nimekivua mara ya pili."

Kitambaa alikirudisha mkononi jioni ileile, na tangu hapo hajakivua ila kwa kuoga. Anayeuliza anajibiwa. Hata asiyeuliza wakati mwingine anajibiwa, jambo linalomkera Muniandy.

"Mtu anaulizia choo, yeye anamwambia mama amefariki!"

Harusi ilifanyika. Siew Hoon aliosha sakafu mara tatu kwa maji ya majani ya balungi ya kuondoa nuksi, akabadilisha shuka, hakumwambia mtu. Sasa mkwe wake ana mimba changa, na habari hiyo, badala ya kumfurahisha Boon Leng, imemwondolea usingizi. Aliposikia binti anatapika, alimtuma Muniandy akaulizie.

"Nikamwambia, kaka, mwenye mimba kutapika nayo ni habari?" anasema Muniandy. "Akaniambia, wewe nenda tu."

Likimpata lolote yule binti, Boon Leng anaamini ni yeye aliyelipeleka, kwa miguu yake, pale kitandani. Mimi si mtu wa kuamini hayo. Lakini nimeishi mji huu miaka mingi kiasi cha kutothubutu kumcheka, na nikiri kwamba nami niliuliza hali ya yule binti nilipokwenda gatini.

Nilimkuta Siew Hoon akimenya kungumanga. Nikamweleza mpango wa Boon Leng: siku ya mia moja atakichoma kitambaa, kisha atakuja na machungwa mawili na kitambaa chekundu cha kutundika mlangoni, apige magoti.

Aliendelea kumenya.

"Mkwe wangu mzima. Anakula kama baharia," alisema. "Huyo mwambie asichome kwanza."

Nikauliza kwa nini.

"Akishachoma, atakuja na mkono mtupu, kama alivyokuja siku ile. Nimeshauona huo mkono. Bi Saw Gaik mimi nilimfumba macho, na neno lake la mwisho lilikuwa, Boon Leng amekula? Aje siku ya tisini na tisa, amekivaa. Nataka nikione."

"Lakini hawezi kuingia akiwa nacho."

"Nani amesema aingie? Asimame kule ubao unakoanzia. Nitatoka mimi."

Nampa Boon Leng ujumbe huo leo asubuhi, hapa kwenye lango la bandari. Ananiomba niurudie. Ananiuliza kama Siew Hoon alisema kwa hasira. Namwambia alikuwa anamenya kungumanga. Ananiuliza kisu alikuwa anakikandamiza au la. Narudia na neno la mwisho la mama yake. Hakuwa akilijua.

Anachukua kile kitambaa kilicholowa, anaanza tena kufuta kiti kilichokwisha kung'aa. Anafuta kwa muda mrefu. Muniandy amerudi na yule kijana.

"Nitakwenda," Boon Leng anasema. "Siku tano bado. Nitapeleka machungwa, nitayaweka chini pale mwanzo wa gati, nisimame." Anaikagua pini kwa kidole, anaibana zaidi. "Mama alikuwa anaanika uduvi palepale. Siew Hoon akitoka, nitamwambia nimekula."

Anaigusa pini tena.

"Hapana. Nitamwambia sijala."