Mgeni Aliyemponya Kifaranga Wangu

Anayetaka kucheka acheke. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta jikoni kwangu, hapa Heru Juu, alasiri moja mvua ikinyesha.

Mbuzi wa jirani alikuwa ameingia kwenye kiota cha kuku wangu akakanyaga vifaranga walioanguliwa asubuhi ile. Walibaki wawili tu, kila mmoja mguu umevunjika. Mume wangu akasema niwatupe. Bora nimtupe yeye! Nikawafunga miguu kwa njiti za kiberiti na uzi, nikawaweka kwenye boksi la sabuni karibu na moto, nikawa nawadondoshea maji mdomoni. Binti yangu Zawadi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kutembea, alizunguka boksi akicheka.

Mara mwanamke akapiga hodi. "Mwidiwe," akasalimu kwa Kiha chetu. Nikamkaribisha ajikinge mvua. Wewe ungemwacha nje? Alikuwa wa rika langu, kavaa kitenge kipya, uso mpole. Akachungulia boksini.

"Maskini! Nikuponyeshee, dada?"

"Ukiweza, nitashukuru sana."

Akamchukua mmoja, akafungua uzi wangu, akaupulizia ule mguu. Niamini, kifaranga alisimama akakimbia sakafuni! Nikapiga makofi kwa furaha. Papo hapo Zawadi akaanguka. Nikamwinua, akaanguka tena. Mguu wake wa kulia ulikuwa unaning'inia tu.

Yule mwanamke alikuwa ameshamshika kifaranga wa pili. "Na huyu je?"

Ndipo nikakiona kitenge chake. Mvua yote ile, na hakikuwa na hata tone.

"Umemfanya nini mwanangu?"

Akanitazama kama mtu anayeshangaa kweli. "Dada, si umeniomba mguu mzima? Ulidhani nautoa wapi?"

Nikampokonya kifaranga, nikapiga mayowe. Jirani alipofika hakukuta mgeni, wala alama ya mguu kwenye tope la mlangoni. Kifaranga wa pili alikufa jioni ile, nami nilifurahi, Mungu anisamehe.

Zawadi sasa yuko darasa la kwanza, anatembea kwa gongo. Hospitalini Kasulu wanasema mfupa hauna kasoro. Lakini siku yule kifaranga aliyeponywa, ambaye sasa ni kuku mkubwa, alipochomwa na mwiba mguuni, Zawadi alilia darasani ameshika mguu wake. Utaniambia nini hapo? Kuku simchinji, simuuzi, analala ndani na sisi. Kila mnada, kutoka Kasulu hadi Kibondo, namtafuta yule mwanamke aje aurudishe mguu wa mwanangu kabla kuku hajafa.

Nawe, mtu akikuletea uponyaji mlangoni, muulize kwanza anautoa wapi, ndipo useme ndiyo. Mimi naogopa, sikufichi. Kuku amezeeka, ameacha kutaga, na tangu juzi anakataa mahindi.