Lampu Tunayo

Mwezi uliopita nilikuwa nasimamia ujenzi wa nyumba yangu, kwenye barabara ya kwenda Ggaba, fundi akanijia akijipangusa vumbi la sementi mikononi. "Nnyabo," akaniita, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "lampu tuiweke upande gani?"

Nikamwambia kwamba mambo ya taa atayashughulikia fundi wa umeme. Akacheka. Akanyoosha kiganja na kukiinamisha polepole, mfano wa ndege inayotua. "Si ya kuwaka, nnyabo. Lampu. Ile ya kupandisha kigari."

Nilikaa juu ya mifuko ya sementi. Alidhani jua limenizidi. Kumbe nilikuwa nimetumbukia shimo lile lile alilotumbukia mama yangu, na katika Kampala nzima mimi ndiye niliyepaswa kulikumbuka. Rampu ni ule mteremko wa zege unaojengwa mlangoni ili mtu wa kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Lakini ulimi wa Kiganda hauipendi R mwanzoni mwa neno, hivyo rampu huwa lampu. Na lampu, kama ujuavyo, ni taa. Kwa wengine hilo ni la kuchekesha tu. Kwetu lilihamisha mtu.

Tulikuwa tukiishi Kisugu, miaka kadhaa baada ya vita, katika vyumba viwili vya kupanga, kwenye safu ya nyumba zilizochangia ukuta na bati. Baba alikuwa polisi kutoka West Nile. Mama alikuwa Mwacholi. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na ndicho tulichokulia. Nikifumba macho bado nasikia jiwe la mama likisaga simsim, ufuta wa kwao, na nanusa pasi ya makaa, maana sare ya baba ilinyooshwa kila alfajiri mpaka mikunjo ya suruali ikawa kama makali ya kisu.

Dada yangu mkubwa alipata polio akiwa mdogo, na miguu yake haikumbeba tena. Hospitali ilikuwa imempa kiti cha magurudumu, ila kiti kililala nje chini ya turubai. Nyumba yetu ilikuwa imeinuliwa juu ya msingi mrefu, kukwepa maji ya mvua yanayoteremka kutoka mlimani, na ngazi zake za tofali zilikuwa nyembamba, kingo zimelika. Kila asubuhi baba alimbeba dada mgongoni mpaka kwenye kiti, kisha akaenda kazini na mgongo wa sare umekunjamana. Kwenye gwaride alikaripiwa kwa ajili ya mikunjo hiyo. Hakuwahi kueleza ilikotoka.

Asubuhi ambazo baba alichelewa kurudi kutoka lindoni, dada alikaa kizingitini akitazama njia. Alimjua kila mpita njia: muuza mukene, wale dagaa wa ziwani, aliyekohoa kabla ya kutaja bei, mwalimu aliyetembea akihesabu kwa midomo, mwanamke aliyebadilisha viatu kwenye kona yetu ili asionekane ametoka matopeni. Jioni, tukiwa kwenye kitanda chetu kimoja, alinisimulia wote, na sauti zao akaziigiza. Msikilizaji wake nilikuwa mimi peke yangu, na nilipenda iwe hivyo.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi jirani, mama wa Kikongo aliyekuja na mumewe wakikimbia mapigano ya kwao. Mume alikuwa amepooza kuanzia kiunoni. Jirani aliuza vitenge, na usiporudi mapema kutoka shule ulikuta kinu chake kimeshanyamaza na sombe iko jikoni, yale majani ya muhogo yakichemka taratibu na mawese, harufu ikiingia kwetu bila kubisha hodi.

Siku moja wakaja wageni wa shirika moja la kanisa, wakiongozwa na mwenyekiti wa mtaa. Walikuwa na fedha za kurekebisha nyumba za watu wenye ulemavu: za sementi na mchanga, za kupanua mlango, za ujira wa fundi. Hayo tuliyajua baadaye. Wageni walizungumza Kiingereza, ambacho mama hakukijua, na mwenyekiti ndiye aliyefasiri. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Dada alikuwa ameshateremshwa, yuko kwenye kiti chake kule bombani akipiga soga na wachota maji.

"Nnyabo," alisema mwenyekiti, "hawa wageni iko na musaada kwa nyumba yenye iko na mulema. Wewe unataka lampu?"

Mama aligeuka akatazama ndani. Chemli yetu ilikuwa inaning'inia msumarini, kioo chake kimesuguliwa kwa majivu kikang'aa. Ilikuwa fahari ya nyumba. Aliona jambo linaeleweka: mlemavu asiyeona vizuri gizani ataumia, kwa hiyo watu wema wanagawa taa.

"Lampu tunayo," akasema. "Asanteni sana."

"Unayo? Nnyabo, lampu ni kitu kubwa."

"Mzee, nimesema tunayo. Mpeni jirani pale. Ana mgonjwa ndani, na anatumia tadoba, moshi utawamaliza."

Tadoba ni kile kikopo cha bati chenye utambi, taa ya asiye na taa. Mwenyekiti akafasiri alivyofasiri. Kijana mmoja kati ya wageni alinyoosha shingo akachungulia nyuma ya nyumba yetu, nadhani akitafuta iko wapi hiyo rampu tuliyo nayo, halafu akamtazama dada kule bombani, akicheka kwenye kiti chake kama mtu asiye na shida ya kutoka nje. Wakaenda kwa jirani. Fungu la safu yetu lilikuwa la nyumba moja. Wengine, walisema, wasubiri awamu ya pili.

Tulijua kosa siku mchanga ulipomwagwa. Mafundi walivunja ngazi za jirani, wakapanga mawe, wakamimina zege, na kabla halijakauka mmoja wao akavuta ufagio juu yake ili magurudumu yasiteleze. Mama alikwenda kutazama, mikono ikiwa bado na unga.

"Hii ni nini?"

"Lampu, nnyabo," alijibu mwenyekiti, kifua mbele. "Si hii ndiyo ile ulikataa?"

Mama alicheka mpaka mafundi wakaacha kazi wakamtazama. Akarudi nyumbani akicheka bado. Jioni hakuwasha chemli. Tulikula posho, ule ugali wa mahindi, na maharage gizani, tukisikia vijiko tu, mpaka baba akauliza, "Lakini kwa nini hukuwauliza ni lampu gani?"

"Niulize nini? Lampu ni lampu."

Baba akatafuna kidogo. "Basi sawa. Wewe tunaye, na lampu tunayo." Hapo dada ndiye aliyeanza kucheka. Tangu siku hiyo, kwetu, mtu akikataa kitu kabla ya kukitazama aliambiwa amesema lampu tunayo.

Mimi sikucheka. Sijui kama umewahi kuionea wivu sementi. Nilikuwa naipita ile rampu nikienda shule na nikirudi, na sikukosa kuitazama. Niliionea wivu ile mistari ya ufagio. Niliuonea wivu mlango mpana uliopakwa rangi ya kijani, na bomba la chuma lililofungwa chooni la kushikilia. Watoto wote wa safu walihamia pale, wakiteremka kwa vipande vya madumu ya plastiki walivyovikalia. Mume wa jirani alikaa juu, kwenye kiti chake, kama rais mbele ya ikulu, akitoza kodi: hupiti mpaka umsalimu kwa Kifaransa.

"Bonjour, papa!" walipiga kelele wenzangu, na wakapita.

Mimi nilisimama chini nimefunga mdomo.

"Wewe, mutoto ya polisi," aliniambia. "Unakuya kunikamata? Leta basi pingu."

Wote wakacheka. Na dada akacheka pamoja nao, kwa sababu dada alikuwa kule juu.

Ndiyo. Nyumba yenye mlango anaoweza kuuingia mwenyewe ilikuwa ile, siyo yetu. Baba akishamteremsha asubuhi, yeye alijisukuma hatua chache, akapanda rampu bila kumwita mtu, na huko akashinda. Jirani alikuwa na cherehani ya mkono, siyo ya kukanyaga, na katika mtaa mzima ndiyo pekee ambayo dada angeweza kuitumia. Kwanza alishona pindo za vitenge. Halafu magauni. Wateja wakaanza kumwulizia yeye kwa jina.

Mama alifurahi. Baba alifurahi. Mimi nilimsikiliza dada usiku nikahesabu vitu vilivyopungua. Sauti yake ilibadilika. Siku moja alisema "batoto" badala ya watoto, na hakushtuka. Nguo zake zilinuka mafuta ya cherehani na mawese. Muuza mukene hakuwemo tena katika hadithi zake, wala mwanamke wa viatu viwili. Sasa ilikuwa papa kasema hivi, mama wa Kongo kafanya vile. Mara nyingi alilala kabla sijauliza swali.

Kisha baba akahamishiwa kituo cha mbali, na mvua zikaanza. Ngazi zetu zilikuwa kama sabuni. Mama alijaribu kumbeba, mgongo ukamkatalia. Jirani akasema, "Mutoto alale hapa, mama. Nafasi iko." Kwa muda tu, mama alituambia, mpaka awamu ya pili. Kila gari geni liliposimama mtaani mama alitoka akijifuta mikono. "Safari hii nitakubali hata wakileta tembo," alisema. Walikuja wakaguzi wa vyoo, walikuja wapiga kampeni. Awamu ya pili haikuja.

Jioni moja mama alipika malakwang, yale majani machachu ya kwao yaliyoungwa kwa karanga, chakula ambacho dada alikuwa akilamba mpaka vidole. Nikatumwa kumwita. Nilipanda rampu kwa mara ya kwanza, bila kulipa kodi.

"Kuya kula, mutoto yangu," alisema jirani akinisogezea kiti.

"Nimetumwa kumchukua dada. Kuna malakwang."

Dada aliacha kuzungusha mkono wa cherehani. Niliona koo lake likimeza. "Nani atanipandisha kule?"

"Mimi."

Mume wa jirani alipiga paja lisilohisi kitu. "Wewe? Na hiyo miguu ya kuku? Mutaanguka wote, tuite polisi, na polisi ni baba yako!"

Niligeuka, nikachuchumaa mbele ya kiti cha dada na kumpa mgongo kama alivyofanya baba. Nilingoja uzito wake. Nilichosikia ni vidole vyake vikigeuza ukosi wa sare yangu ya shule uliokuwa umejikunja.

"Kamwambie mama aniwekee kwenye sahani," alisema taratibu. "Ulete wewe. Tutakula wote hapa."

Nilileta sahani. Sikula.

Kisugu ile haipo. Mwenye nyumba aliuza kiwanja, safu nzima ikabomolewa, na sasa pamesimama ghorofa lenye ngazi za vigae zinazong'aa. Wanasema rampu ndiyo iliyowasumbua wabomoaji, nyundo ziliidunda siku nzima; fundi wa msaada hakuwa ameiba sementi. Mume wa jirani ametangulia, na baba, na mama. Chemli iko kwangu, kioo kimepasuka. Dada ana duka la nguo Kabalagala, na anaishi vyumba vya nyuma na jirani, ambaye sasa ni bibi, macho yamefifia, na dada ndiye anayemtilia dawa ya matone.

Kwa hiyo unaelewa nilikuwa namjengea nani. Nilimwambia fundi avunje mteremko mara mbili mpaka ukawa mpole. Milango yote mipana. Chumba cha dada nikakielekeza barabarani, ili aone wapita njia. Wiki iliyopita alikuja. Alishuka kwenye gari, akautazama mteremko, akaweka mikono kwenye magurudumu na kupanda bila kupumzika. Tulikula malakwang. Nikamwonyesha chumba na dirisha lake. Nikamwomba ahamie.

Alisogea dirishani. Nilidhani anahesabu wapita njia.

"Na mama wa Kongo?"

"Aje pia," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanisaliti.

Dada alinisikia. Alikuwa ameshazoea kunisikia. Alininyooshea mkono, nikainama, akanigeuzia ukosi uliokuwa sawasawa kabisa.

"Lampu tunayo, mdogo wangu," alisema.

Tulicheka mpaka machozi, na yangu yakabaki kidogo baada ya yake kukauka. Kisha akasema bibi asikae peke yake jioni. Nilisimama mlangoni nikamtazama akiteremka, mgongo wima, mikono imelegea, magurudumu yakimtii. Hakuhitaji mtu wa kumshusha.

Fundi alikuwa anapaka rangi lango. Aliinua macho kutoka kwenye kopo. "Nnyabo, lampu ni nzuri?"

"Nzuri sana," nikamwambia. "Inateremka vizuri kupita kiasi."