Swali Nililomjibia Nafula

Iko siku moja hainitoki, mwanangu, nikiwa bado kijana mwenye duka la vipuri hapa Kisenyi na mdomo mwepesi kuliko akili. Mke wangu Nafula alikuwa akitokwa damu nyingi kila mwezi, mpaka ashike ukuta ndipo asimame. Tulikuwa tumetoka Bungoma pamoja, mwaka wa nne wa ndoa, mtoto bado. Daktari, mama mmoja mpole, akatuonyesha picha ya uvimbe kwenye kizazi.

Akatueleza polepole. Njia ya kwanza ni kupasua tumbo na kuutoa uvimbe, kizazi kibaki. Damu inaweza kupotea nyingi, na kujiuguza ni wiki sita. Ya pili ni kutoboa matundu madogo tumboni na kuingiza kamera, ila uvimbe wa Nafula ulikuwa mkubwa mno kwa hiyo. Ya tatu ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja na kuziba damu inayoulisha uvimbe, mpaka unywee. Hakuna kupasua, na baada ya wiki moja au mbili mtu yuko sokoni.

"Lakini kwa mimba za baadaye, mrija hatuna uhakika nao kama upasuaji," akasema. Kisha akamgeukia Nafula. "Wewe unatafuta mtoto?"

Nafula akafungua mdomo. Mimi nikamuwahi. "Daktari, kwanza apone. Mtoto Mungu atatoa. Tupe mrija."

Unajua, sisi watu wa gereji tuna ugonjwa wetu, tunaogopa kufungua injini. Injini ikishafunguliwa, hata ifungwe vizuri namna gani, mnunuzi anaitilia shaka. Nami nikampima mke wangu kwa kipimo hicho. Cheka tu, hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mtu mwingine.

Na mrija ulifanya kazi yake, siwezi kuusingizia. Damu ikatulia, na wiki ya pili Nafula alikuwa soko la Nateete akichagua ndizi. Nikajigamba gereji nzima, mpaka Mzee Abdu, fundi aliyenipokea mjini humu, akaweka spana chini, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha gereji.

"Bibi yako ilitaka nini?"

"Kupona, mzee."

"Ilisema hivyo yenyewe?"

Nikaokota spana yake, nikaanza kuifuta.

"Wewe bwana, injini haina mdomo, ndiyo maana sisi tunaamua. Bibi iko na mdomo. Kwa nini ulimjibia?"

Niliona aibu. Nikafunga duka mapema, nikamkuta Nafula akianua nguo, nikamuuliza siku ile alitaka kusema nini.

"Nilitaka kusema ndiyo," akaniambia, bila kugeuka. "Hata kama ni kulala wiki sita. Hata kama ni mwaka mzima, Baba."

Mimba ilikuja mara moja tu, ikatoka mwezi wa tatu. Haikurudi. Sisemi mrija ndio uliotunyima, hata daktari hakusema hivyo. Nimewaona waliopita njia hiyo hiyo wakazaa, na waliopasuliwa wasizae. Linaloniuma ni kwamba sitajua kamwe. Nina hamu naye, mwanangu, huyo mtoto ambaye sikumwona. Jioni wanafunzi wa sekondari wakipita mbele ya duka, huwatazama wale warefu warefu mpaka mteja anigutue. Nafula naye nimemfuma mara nyingi akiwatazama.

Basi ukimpeleka umpendaye kwa daktari, usiulize tu njia ipi haina kovu na ipi inamrudisha nyumbani haraka. Uliza kila njia inaleta nini na inaweza kuchukua nini, mwaka huu na miaka kumi mbele. Na kabla hujauliza hata hilo, mgeukie mwenye mwili. Muulize anataka kupona ili afanye nini na maisha yake. Halafu funga mdomo mpaka amalize, hata akisitasita, hata ukiona unajua jibu.

Mungu awape afya, wewe na wako. Awape madaktari wenye subira na masikio mazuri nyumbani kwenu. Na akiwajalia mtoto, mwanangu, mleteni dukani tumpakate kidogo, mimi na Nafula.